Kidole Hakina Nguvu Yake: Hotuba kwa Mafundi Seremala na Washonaji wa Keko

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu washonaji, vijana mlioko mafunzoni: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu shikamooni.

Kwanza asanteni kwa kuzima mashine. Najua mashine ikinyamaza hapa Keko ni hela inayonyamaza, kwa hiyo sitawachelewesha kuliko inavyobidi.

Nilipoitwa niliambiwa nizungumzie afya kazini. Nikasema hiyo ni kubwa mno kwangu, nipeni vidole tu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Daktari wa upasuaji akishamaliza kushona, mkono unaletwa kwangu ili urudi kazini, na mikono mingi ninayoletewa inatoka kwenye karakana za namna hii. Sasa kuna mzaha nausikia kila nikipita karakana: kwamba fundi ambaye hajapungua kidole bado ni mwanafunzi. Wote hucheka, na anayecheka kwa sauti kubwa mara nyingi ndiye mwenye vidole tisa. Mimi mzaha huo nimekuja kugombana nao.

Tuanze na jaribio. Kwa mkono wa kulia, shika mkono wako wa kushoto katikati ya kiwiko na kiganja. Bana vizuri. Sasa kunja vidole vya kushoto, vifungue, vikunje tena. Kuna kitu kinatembea hapo ulipobana, sivyo? Hiyo ndiyo misuli inayokunja vidole vyako. Iko huko, mbali. Ndani ya kidole chenyewe hakuna msuli wa kukikunja. Ukikifungua utakuta mifupa, ngozi, mafuta kidogo, mishipa ya damu, neva na kano. Misuli mingine midogo imo kiganjani, inasaidia kutanua vidole na kusogeza dole gumba, lakini nguvu ya kukamata nyundo inatoka huku juu.

Nguvu hiyo inasafirishwa na kano. Kano ni kamba nyeupe, ngumu, inayotoka kwenye msuli, inapita kwenye kifundo cha mkono, inavuka kiganja, halafu inaingia kidoleni ndani ya ala yake na kwenda kushika mfupa. Mnaujua waya wa breki ya baiskeli. Unabana huku kwenye usukani, gurudumu linashikwa kule nyuma, na waya unateleza ndani ya ganda lake. Ukikatika katikati, hata tairi liwe jipya, breki huna. Nataka mwondoke hapa na waya huo kichwani, maana karibu kila nitakachosema kinarudi kwake.

Mifupa nitaipita haraka. Kila mkono una mifupa 27: minane midogo kwenye kifundo, mitano ya kiganja, na pingili 14 za vidole. Dole gumba lina pingili mbili, vingine vyote tatu tatu. Wazee wanaovuta tasbihi kwa vidole wanazijua pingili hizi kuliko madaktari. Mikono miwili inakupa mifupa 54, na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Zaidi ya robo ya mifupa yako imo mikononi. Mwili haukutumia mali yote hiyo bure.

Jaribio la pili, ni la kufurahisha. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine viache vimenyooka. Inua dole gumba. Sawa. Inua kidole cha shahada. Sawa. Cha mwisho, sawa. Sasa inua kidole cha pete. Haya, mbona kimya? Hukupooza. Nyuma ya kiganja kano za kunyoosha vidole zimeunganishwa kwa vitambaa vidogo, na kidole cha pete na cha kati ndivyo vilivyofungamana zaidi. Kidole cha kati kikikunjwa kinamzuia jirani yake. Vidole hufanya kazi kwa kushirikiana, ndiyo sababu fundi aliyeumia kidole kimoja analalamika kwamba hata vile vizima havina nguvu. Hasingizii.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta.

Patasi imeteleza. Imekukata mbele ya kidole, upande wa kiganja, kati ya mstari wa mbele wa kiganja na katikati ya kidole. Kidonda ni kidogo, damu imetoka imesimama. Unafunga kitambaa, unaendelea na kazi. Wiki tatu baadaye kidonda kimepona vizuri na kidole hakikunjiki.

Hapo ulipokatwa ndipo pagumu kuliko pote mkononi. Kila kidole kati ya hivi vinne kina kano mbili za kukunja. Moja inaishia pingili ya kati. Ya pili inapenya katikati ya mwenzake, inakwenda hadi pingili ya mwisho. Zote mbili zimebanana ndani ya ala moja nyembamba. Sterling Bunnell, daktari wa Marekani ambaye wengi humwita baba wa upasuaji wa mkono, aliipa sehemu hiyo jina la ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa miaka mingi wapasuaji walishauriwa wasishone kano hapo siku ya ajali, kwa sababu kovu liligandisha kano na ala pamoja. Mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville, Kentucky, na wenzake walionyesha kwamba inawezekana: shona mapema, kwa uangalifu, halafu kidole kianze kuchezeshwa mapema kwa kufungwa mpira unaokirudisha chini, badala ya kukiacha kimelala kwenye plasta hadi kigande. Kazi yangu imesimama juu ya ugunduzi huo. Lakini inahitaji uje mapema, ndani ya siku chache. Wiki zikipita, kano iliyokatika inajivuta kurudi kiganjani, msuli unafupika, ala inajifunga, na hapo hata mpasuaji hodari atakuambia maneno usiyopenda.

Kwa hiyo kila aliyekatwa kidole ajipime, hata kama kidonda ni kidogo. Shika pingili ya kati ya kidole kilichoumia, izuie isisogee, halafu jaribu kukunja ncha peke yake. Ikikunjika, kano ndefu ipo. Kisha vinyooshe na kuvizuia vidole vingine vyote, ukikunje hicho kimoja. Kikikunjika katikati, kano fupi nayo ipo. Kidole cha mwisho kinaweza kukudanganya kwenye jaribio hili la pili, maana kuna watu wazima kabisa ambao hakikunjiki peke yake. Basi linganisha na mkono mwingine. Na hata kikikunjika lakini kwa maumivu makali, nenda hospitali, kwa sababu kano inaweza kuwa imekatwa nusu, na nusu iliyobaki ikakatika siku unapoinua ubao wa mninga.

Halafu pima hisia. Kila kidole kina neva mbili za mbele, moja kila ubavu, na kila neva inaongozana na mshipa wake wa damu. Gusa ubavu wa kushoto wa ncha, gusa wa kulia. Ukisikia ganzi upande mmoja, huenda neva ya upande huo imekatwa. Kwa mtoto mdogo asiyejua kujibu, au mtu aliyezimia, kuna njia inayotokana na jambo ambalo madaktari waliliona tangu miaka ya 1930: loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu saa. Ngozi ya vidole vizima itajikunja, ile mikunjo tunayoiona baada ya kufua nguo. Kidole ambacho neva yake imekatika hakijikunji. Wengi wetu tulidhani ngozi inakunjamana kwa kunywa maji. Kumbe ni neva zinaiamuru, zinabana mishipa ya damu ndani. Na kuna watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliochapisha mwaka 2013 kwamba vidole vyenye mikunjo hiyo vinaokota vitu vilivyolowa haraka kuliko vidole laini. Mama muuza samaki angewaambia bila utafiti.

Niseme kidogo kuhusu dole gumba. Methali ya kidole kimoja na chawa mnaijua, hutumika kila mkutano wa ushirika. Mimi nikiisikia naona mkono. Chawa havunjwi na vidole viwili vyovyote. Jaribu kumvunja kwa kidole cha pete na cha mwisho uone kama hatakucheka. Anavunjwa kwa gumba, kwa sababu gumba ndilo linaloweza kugeuka likazitazama ncha za vingine vyote. Madaktari wanaokadiria ulemavu kwa mwongozo wa Marekani hulihesabu gumba kuwa asilimia 40 ya mkono. Cha shahada na cha kati 20 kila kimoja, cha pete na cha mwisho 10 kila kimoja.

Jedwali hilo mimi sikubaliani nalo kwa watu wa kazi yenu, na niko tayari kubishana na yeyote. Mtaalamu wa maumbile ya mwili, Mwingereza John Napier, aliandika mwaka 1956 kwamba mkono una namna mbili kubwa za kushika. Moja ni ya umakini: gumba na ncha ya shahada, ndivyo mama anavyoshika sindano. Nyingine ni ya nguvu: kitu kinafungwa kiganjani na vidole vyote, ndivyo unavyoshika mpini wa nyundo. Na kwenye mpini wa nyundo, nani anashika chini kabisa, mpini usiponyoke? Kidole cha mwisho na cha pete. Karani anaweza kupoteza kidole cha mwisho akaendelea kuandika. Seremala akikipoteza, nyundo inazunguka mkononi. Asilimia 10 ya nani? Na bado hatujahesabu shubiri: mzee anayepima kitanda kwa shubiri, kidole cha mwisho kikipungua, vitanda vyake vitakuwa vifupi.

Napier huyo huyo ana hadithi na nchi yetu. Mwaka 1960, Olduvai, kule Ngorongoro, timu ya akina Leakey, watafiti wa chimbuko la binadamu, ilichimbua mifupa ya mkono wa mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.7 iliyopita. Napier ndiye aliyepewa kuichunguza. Pingili za ncha zilikuwa pana, zinakaribia zetu, ingawa nyingine zilikuwa bado nene na zimepinda. Mwaka 1964 yeye, Louis Leakey na Phillip Tobias wakamtangaza kiumbe huyo kwa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi, mtu wa mikono. Halafu mwaka 2015 ikatangazwa pingili nyingine ya Olduvai, moja tu, ya kidole cha mwisho, yenye umri wa miaka milioni 1.84, iliyonyooka karibu sawasawa na ya kwenu. Mkono ulionyooka namna hiyo si mkono wa kuning'inia mitini. Vijana, mkiulizwa ufundi ulianza wapi, msione aibu kutaja mkoa wa Arusha.

Turudi karakanani. Mnapopiga msasa, mnapimaje kama ubao umelainika? Hamtumii macho. Mnafumba macho wengine, mnapitisha ncha za vidole. Mko sahihi. Kwenye ncha ya kidole unaweza kutofautisha vitu viwili vilivyoachana milimita mbili au tatu hivi, wakati mgongoni vinaweza kuachana sentimita kadhaa ukadhani ni kitu kimoja. Watafiti wa Stockholm, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba mtu akipitisha kidole juu ya uso laini anaweza kugundua mikunjo yenye kimo cha nanomita 13 tu. Gawanya milimita moja mara milioni, chukua vipande 13. Hakuna msasa unaouzwa Kariakoo unaofika huko.

Hisia hiyo hailindi samani tu, inalinda kidole chenyewe. Nitawaambia jambo ambalo bado watu wanalisema vibaya. Ukoma hauli vidole. Vijidudu vya ukoma vinaharibu neva. Mtu anakosa hisia, anashika sufuria ya moto hajui, anakanyaga mwiba hajui, kidonda kinaingia uchafu, mfupa unaoza na kumomonyoka mwaka baada ya mwaka. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, ndiye aliyesukuma sana kuelewa hivyo, na ndiye aliyehamisha kano zinazofanya kazi kwenda kwenye vidole vilivyojikunja ili vinyooke tena. Ukoma unatibika kwa dawa. Nimeusema kwa sababu ganzi yoyote ya mkono, iwe ya kisukari au ya neva iliyokatwa, inakwenda njia ile ile: kidole kisichouma ndicho kinachoungua.

Na maumivu yenyewe yasikilizwe. Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni kuhusu mdudu wa kidole. Si mdudu. Ni usaha unaoingia pembeni ya ukucha, mara nyingi baada ya kung'oa kijingozi au kukata kucha kupita kiasi. Siku ya kwanza maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanasaidia. Usaha ukishajikusanya unahitaji kufunguliwa na mhudumu wa afya mwenye kifaa safi, si kwa sindano ya cherehani. Uvimbe ukiwa kwenye nyama ya ncha, unadunda usiku huwezi kulala, huo usisubiri hata siku, maana pale nyama imegawanywa vyumba vyumba na usaha hauna pa kutokea.

Kibaya zaidi ni usaha ukiingia ndani ya ala ya kano. Kibanzi cha mbao kimechoma, au sindano imepenya. Daktari Allen Kanavel wa Chicago, kuanzia kitabu chake cha mwaka 1912, alieleza dalili ambazo mpaka leo tunawafundisha wanafunzi: kidole kimevimba chote kwa usawa, kimekaa kimekunjwa kidogo, kinauma ukikibonyeza njia yote ya kano, na ukijaribu kukinyoosha mgonjwa anaruka. Hiyo ni dharura. Na ala ya kidole cha mwisho kwa watu wengi imeungana na ya gumba kule kwenye kifundo, kwa hiyo mtu anachomwa kidole cha mwisho, gumba linavimba, anashangaa.

Wenye kisukari nisikilizeni kwa makini, maana hili ni la mji wetu. Mwaka 2002 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa Dar es Salaam wa kuanzia 1998: watu wenye kisukari ambao mkwaruzo, kuumwa na mdudu, au jeraha lisilo na maana mkononi liligeuka kuwa maambukizi ya mkono mzima, wengine wakakatwa, wengine wakafa. Kilichowaponza wengi ni kuchelewa na sukari isiyodhibitiwa. Fundi mwenye kisukari hana kidonda kidogo. Hajaruhusiwa kuwa nacho.

Washonaji nisiwasahau. Sindano ya cherehani ikipita kwenye kidole ikakatika, usifurahi kwamba umechomoa. Angalia ncha. Kama ncha haipo kwenye sindano, imo ndani yako, na inahitaji picha ya eksirei. Ganzi ya usiku kwenye gumba, shahada na cha kati, inayokufanya uamke unakung'uta mkono, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo, pale inapopita mfereji mmoja na kano tisa. Banzi la kukinyoosha kifundo usiku husaidia wengi. Na kidole kinachonasa asubuhi, kikikunjwa hakifunguki mpaka ukivute kikapiga "ta!", hicho ni kano iliyovimba inayokwama kwenye mdomo wa ala, waya ule ule, ganda limebana. Kuna banzi, kuna sindano ya dawa, kuna upasuaji mdogo. Kukivuta kwa nguvu kila asubuhi si tiba.

Kuvunja vidole, ile ya kuvipigisha "ko ko ko", mmeniuliza kama kunaleta baridi yabisi. Kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyevunja vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, wa pili akauacha, halafu akalinganisha. Hakuona tofauti ya ugonjwa. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya utafiti wa kuchekesha. Mtu mmoja si ushahidi wa dunia, lakini subira yake naiheshimu.

Alama za vidole. Mwaka 2019 hadi Januari 2020, wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, tulionana na watu wengi ambao mashine iliwakataa. Waashi, wapasua kokoto, wafuaji. Saruji na msuguano vinakula mistari ya ngozi. Kama kilicholika ni tabaka la juu tu, mistari inarudi ile ile kidole kikipumzika wiki kadhaa na kupakwa mafuta, kwa sababu ramani yake iko chini zaidi na ilichorwa mtoto akiwa tumboni. Mapacha wanaofanana kila kitu wana alama tofauti. Kidole pia kimewahi kuwa kadi ya chama: Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kidole kimoja juu kilimaanisha uko na KANU, chama kilichokuwa kinatawala, viwili juu vilimaanisha unataka vyama vingi, na kuna waliopigwa kwa sababu ya hicho cha pili. Mimi ninachojua ni kwamba aliyekatwa kidole asingeulizwa.

Haya, mashine. Mashine nyingi za kupasulia mbao ninazoziona hapa zimeundwa hapa hapa, mota nzuri, meza nzuri, kinga hakuna. Ikiwepo imefunguliwa kwa sababu inachelewesha. Ninaomba mambo machache. Kipande kifupi kisukumeni kwa kijiti, si kwa kidole. Kijiti kikiliwa mnachonga kingine. Msivae glavu kwenye mashine inayozunguka. Najua inaonekana ajabu mtu wa hospitali kukataza glavu, lakini meno yakinasa uzi mmoja wa glavu yanavuta mkono mzima. Patasi butu ni ya hatari kuliko kali, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu zako zote na haijali inakoishia. Na pete vueni. Pete ikinasa kwenye msumari unaporuka kutoka kwenye lori, inavua ngozi ya kidole chote, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kidole kilichokatwa safi.

Kikikatika? Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono. Msimwagie mafuta ya taa, majivu wala gundi ya mbao, nimeviona vyote vitatu. Kipande kilichokatika kitafuteni, hata kwenye maranda. Kisuuzeni kwa maji safi bila kusugua, kifungeni kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitieni kwenye mfuko wa plastiki ufungwe usipitishe maji, halafu mfuko huo muuweke kwenye maji yenye barafu. Kipande kisigusane na barafu moja kwa moja, kitaungua kwa baridi. Kwa sababu kidole hakina msuli, kinavumilia kuliko mkono mzima: muda wa saa 12 hivi bila baridi, na karibu saa 24 kikipoozwa. Madaktari Komatsu na Tamai wa Nara, Japani, walirudisha gumba lililokatika kabisa mwaka 1965, wakiunga mishipa chini ya hadubini. Si kila hospitali inafanya hivyo, na si kila kidole kinarudishika. Kilichosagwa mara nyingi hakirudi. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, msiufanye ninyi kwa kukitupa. Hata kisiporudi, ngozi yake inaweza kufaa kufunika jeraha.

Na nani anakulipa siku usizofanya kazi? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, na mwajiri ndiye anayechangia, si wewe. Mwenye karakana aliyeajiri vijana ajisajili, na ajali iripotiwe mapema. Deiwaka anayelipwa kwa siku asikubali kuambiwa hahusiki kabla hajaenda ofisini kwao kuuliza. Mzaha wa fundi asiyepungua kidole ulizaliwa wakati kidole kikipungua hakuna aliyeulizwa. Naona kuna wenye karakana wanatazama chini. Tazameni juu tu, sikuja kukamata mtu.

Nimemaliza, maswali yaje. Lakini kabla ya hapo, nimeona hapa mbele wazee watatu wenye pete ambazo hazijatoka tangu ndoa. Siku kidole kitakapovimba tutaikata kwa koleo. Njooni mezani na uzi wa cherehani, ule mnene. Tunapitisha ncha moja ya uzi chini ya pete kwa sindano butu, ibaki upande wa kiganja. Uzi uliobaki tunauzungusha kwenye kidole kuanzia kwenye pete kwenda mbele, mizunguko imebanana, mpaka kifundo kipite. Halafu tunashika ile ncha ya kiganjani na kuufungua uzi taratibu kuelekea mbele, na pete inapanda kila mzunguko unaofunguka. Sabuni kidogo inasaidia. Mzee wa kofia, tuanze na wewe, mama akiridhia.